Wiki 16 za nusu marathoni kwa mkimbiaji wa Kigoma

Programu nyingi za nusu marathoni zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zimetungwa kwa ajili ya mtu ambaye saa kumi na mbili asubuhi anaiona barabara. Kigoma mtu huyo hayupo. Mji uko ukingoni kabisa mwa magharibi ya nchi lakini saa yake ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linatuchelewea karibu dakika 40. Mwanzoni mwa Novemba linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika 36, na kufikia mwishoni mwa Februari limesogea hadi saa moja na dakika 8 hivi. Anayefuata jedwali linalomtaka awe barabarani saa kumi na moja na nusu anakimbia kwenye giza totoro, pamoja na baiskeli za mkaa na bodaboda zisizo na taa, na ikifika wiki ya tatu ameacha huku akijilaumu kuwa ni mvivu.

Uvivu haumo. Jedwali lolote lina vitu vya kuhamisha na vitu vya kutogusa, na aliyelituma kwenye kundi hakusema kipi ni kipi. Siku, saa, barabara, hata kilomita zenyewe ukizigeuza kuwa dakika: vyote hivyo vinahamishika. Visivyoguswa ni vinne tu: nafasi kati ya siku ngumu na siku ngumu, mzigo kupanda polepole, wiki ya kupumua, na kushusha mzigo kabla ya shindano. Ukivishika hivyo vinne unaweza kuchukua programu iliyoandikwa popote na kuifanyia kazi Kigoma au Tabora bila kuiharibu.

Nachukua Kilimanjaro Marathon ya Moshi kuwa lengo, maana ni shindano linalojulikana na lina tarehe ya kuhesabia: mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mbio yake ya kilomita 21.1 inamfaa mtu mwenye kazi na familia kuliko ile ya 42. Rudi nyuma wiki 16 utaangukia mwanzo wa Novemba. Yaani mazoezi yako yote yatakuwa ndani ya mvua, kwa sababu huku hatuna vuli na masika zilizotengana kama pwani. Mvua zikishaanza zinakwenda, kwa mapumziko mafupi, hadi Aprili. Lipangie hilo tangu Oktoba kuliko kulinung'unikia Januari.

Ujue namba yako kwanza

Anayeanza wiki ya kwanza awe tayari anaweza kukimbia dakika 30 hadi 40 bila kusimama, mara tatu kwa wiki. Kama bado, Septemba na Oktoba ni za kujenga hapo: dakika mbili mbio, moja kutembea, mara kumi, siku moja ndiyo siku moja hapana, na kila wiki unaongeza dakika moja ya mbio hadi kutembea kuishe. Kwa walioko Tabora, miezi hiyo ndiyo yenye joto kali kuliko yote, kwa hiyo fanya asubuhi au acha jua lipungue kwanza.

Kisha jipime. Tafuta kilomita 5 za barabara iliyo sawa, pasha mwili kwa dakika 15 za mwendo wa taratibu, halafu zikimbie kwa nguvu iliyosambaa mwanzo hadi mwisho. Kosa la kila mtu hapa ni kuchomoka kilomita ya kwanza na kutambaa ya nne. Matokeo ya namna hiyo hayakuambii kitu, rudia wiki inayofuata.

Muda ulioupata unaweza kukisia wa mbio ndefu zaidi. Peter Riegel, mhandisi wa Marekani, aliacha kanuni inayotumika mpaka leo: muda mpya ni muda wa zamani mara uwiano wa umbali uliopandishwa kwa kipeo cha 1.06. Usihangaike na kikokotoo. Kutoka kilomita 5 kwenda nusu marathoni, zidisha kwa 4.6. Aliyekimbia 5 kwa dakika 24 anakisiwa saa 1 na dakika 50 kwa nusu marathoni, yaani dakika 5 na sekunde 14 kwa kila kilomita. Kanuni inachukulia kwamba umeufanyia mazoezi huo umbali mrefu na kwamba njia ni tambarare. Moshi si tambarare, tutafika huko.

Mtu huyo wa dakika 24 ndiye nitakayemtumia kama mfano hadi mwisho, wewe utapandisha au kushusha. Mbio zake nyepesi ziwe kati ya 6:10 (dakika 6 na sekunde 10) na 6:45 kwa kilomita. Mwendo wa kukaza, ule anaoweza kuushika kama saa nzima kwa shida, ni 5:05 hadi 5:10. Vipande vya kasi ni karibu 4:42, maana yake mita 400 kwa sekunde 113. Mwendo wa shindano ni 5:14. Namba nne basi. Ziandike nyuma ya daftari.

Ile ya kwanza ndiyo inayovunjwa kila siku. Mtu anaona 6:30 ni aibu, hasa akipita mbele ya kijiwe cha bodaboda, anaipandisha hadi 5:40, na Jumanne inayofuata miguu haina kitu cha kutoa. Mwendo wa 5:40 kwake ni mgumu mno kwa kupumzisha mwili na ni mlegevu mno kwa kuujenga. Kipimo kisichohitaji simu ni mdomo: ukiwa kwenye mbio nyepesi uweze kusema sentensi nzima, yenye kituo mwishoni, bila kukatisha ili uvute hewa. Alphonce Simbu wa Singida, majirani wa Tabora, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wastani wa dakika 3 na sekunde 5 kwa kilomita. Wakimbiaji wa daraja hilo siku zao nyepesi huenda zaidi ya dakika nzima polepole kuliko hapo kwa kila kilomita. Kama wao hawaoni aibu, wa kijiwe cha Mwanga, hapa hapa Kigoma, aone ya nini?

Wiki ilivyo

Siku tano za mbio zinatosha. Jumanne ni siku ngumu ya kwanza, Jumatano nyepesi fupi, Alhamisi ngumu ya pili, Jumamosi nyepesi, Jumapili mbio ndefu. Jumatatu na Ijumaa unapumzika, au unafanya mazoezi ya nguvu dakika 20. Mwenye ibada Jumapili asubuhi ahamishie mbio ndefu Jumamosi na kuisukuma ile nyepesi Ijumaa au Jumapili jioni, hakuna kinachoharibika. Kinachoharibu ni kuziunganisha: ukikosa Alhamisi ukaikimbia Ijumaa ni sawa, lakini ukaikimbia Jumamosi halafu Jumapili ukaenda kilomita 17, umeweka siku mbili ngumu mgongo kwa mgongo. Mwili haujengeki wakati wa mbio, hujengeka katika saa 48 zinazofuata.

Wale wa klabu za joging za Jumamosi, zenye nyimbo na filimbi, wasiziache. Zihesabu kama mbio nyepesi na ukae katikati ya kundi. Mbele huwa kuna vijana wanaogeuza kila kilima kuwa fainali, na hao hawana programu.

Mzigo unapanda kwa hatua za wiki tatu, ya nne unashuka. Wiki nne za kwanza: kilomita 28, 30, 32, kisha 25. Nne za pili: 34, 34, 36, 28. Nne za tatu: 38, 40, 42, 32. Wiki ya 13 ndiyo kilele, 44, na ya 14 ni 42. Ya 15 inashuka hadi 30, na ya 16 ni kilomita 15 tu ukiacha shindano lenyewe. Mbio ndefu ndani yake zinaanzia 10, zinafika 15 wiki ya 7, 18 wiki ya 11, na 20 wiki ya 13. Wiki za kushuka nazo ndefu zinashuka: 9, 11, 13.

Kuna kanuni maarufu ya kuongeza asilimia 10 kila wiki. Siipendi sana. Kwa anayekimbia kilomita 20 inambana bure, na kwa anayekimbia 60 inampeleka mbio mno. Tena inasahaulisha jambo kubwa zaidi, kwamba mifupa na kano huchelewa kuzoea kuliko mapafu. Wiki ya 5 pumzi itakuwa imeshakubali na utajisikia kuongeza. Ugoko na kano la kisigino bado havijasema neno. Ndiyo maana wiki ya 4 inashuka hata kama unajisikia simba.

Wiki nne za kwanza hazina kasi. Siku ngumu zote ni mbio nyepesi tu, ila Jumanne na Jumamosi ukimaliza fanya michomoko minne hadi sita ya sekunde 20, mwendo wa haraka lakini uliolegea mabega, ukitembea dakika moja kati yake. Kuanzia wiki ya 5 hadi ya 8, Jumanne ni vilima: mara nane za sekunde 60 kupanda, ukishuka taratibu kila mara. Alhamisi ni kukaza, dakika 8 mara tatu, dakika 2 za kujikongoja katikati. Wiki ya 9 hadi ya 12 Jumanne inakuwa vipande vya mita 1,000 mara tano, kila kimoja 4:42, ukipumzika kwa kukimbia polepole dakika 3; Alhamisi dakika 20 za kukaza bila kukatisha, zikifika 25 wiki ya 11. Wiki ya 13 na ya 14 unafanya mwendo wa shindano wenyewe: kilomita 3 mara mbili Alhamisi, na katika mbio ndefu ya wiki ya 14, yenye kilomita 16, sita za mwisho ziende 5:14.

Kipande cha mwisho kilingane na cha kwanza. Kikiwa cha kwanza 4:30 na cha tano 5:05, hukufanya vipande vya 4:42 hata kama wastani unasema hivyo.

Vipande vinahitaji sehemu iliyopimwa, na uwanja wa riadha haupatikani kila mtaa. Uwanja wa mpira wa shule unatosha. Ukubwa wa kawaida ni mita 105 kwa 68, mzunguko wake kwa nje ya mistari ni mita 346, kwa hiyo mizunguko mitatu inazidi mita 1,000 kidogo tu. Lakini viwanja vya shule havifanani. Pima kwa futi ya fundi au kamba yenye mafundo kila mita 10. Simu inayohesabu kwa setilaiti hukata kona kwenye mizunguko midogo na inaweza kukudanganya kwa mita nyingi. Uwanja ukijaa maji, acha umbali kabisa na ukimbie kwa dakika: mita 1,000 zinageuka dakika 4 na nusu za nguvu ile ile, barabarani.

Ardhi, mvua na radi

Hapa ndipo Kigoma inapomzidi mtu wa Tabora. Maji ya Ziwa Tanganyika yako mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka stesheni ya reli karibu na bandari kila barabara inayoelekea mjini inapanda. Barabara ya kwenda Mwanga ina mwinuko unaotosha kwa mazoezi yote ya vilima. Njia ya Manyovu inapanda zaidi kwa anayetaka mbio ndefu yenye milima. Ya Ujiji ni lami, na ndiyo naona inafaa kwa mwendo wa kukaza. Tabora iko juu zaidi, kama mita 1,200, lakini ni tambarare na yenye mchanga. Wa huko, ukitoka kuelekea Kwihara, mchanga wenyewe unafanya kazi ya kilima kwa misuli ya nyuma ya mguu. Uchukulie hivyo: siku ya mchanga ihesabiwe ngumu, na usiangalie kasi. Urefu huo wa Tabora, niseme tu kwa kuwa huulizwa, hautoshi kuleta faida ya nyanda za juu. Wanaoitafuta hupanda zaidi ya mita 2,000.

Kwa nini vilima, tena na kushuka pia? Nusu marathoni ya Moshi inapanda kuelekea Mweka karibu nusu ya kwanza yote, halafu inageuka kushuka. Wengi hujiandaa kupanda na kusahau kwamba kushuka ndiko kunakoua mapaja: misuli ya mbele inafanya kazi huku ikivutwa, nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo, na ikifika kilomita 17 magoti hayakunji. Dawa ni kuizoesha. Kuanzia wiki ya 9, kila wiki ya pili, mbio ndefu ipange ili kilomita 3 hadi 4 za mwisho ziwe za kushuka, hatua fupi na za haraka, kifua kikiinama kidogo mbele badala ya kuegemea nyuma na kupiga breki kwa visigino. Mara tatu au nne zinatosha. Zaidi ya hapo unajiumiza kabla ya siku.

Mvua yenyewe haimzuii mtu, radi inazuia. Ukisikia ngurumo ingia ndani ya jengo, mwembe hauhesabiwi, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Uwanja wa mpira ni mahali pabaya kuliko pote wakati huo. Njia za udongo mwekundu zikiloa acha vipande, kimbia nyepesi kwenye lami, na uikimbie upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Lakini ukingo wa lami umeinama kuelekea mtaroni, na mguu mmoja ukikanyaga chini kuliko mwingine kwa wiki kumi, maumivu ya upande wa nje wa goti hayashangazi. Penye njia tulivu badilisha upande, au rudi kwa barabara nyingine.

Kuhusu saa: mimi naona mtu wa Kigoma afanye siku ngumu jioni. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika 54 mwezi Novemba na saa moja na dakika 22 mwezi Februari, kwa hiyo anayetoka kazini saa kumi ana muda wa kupasha, kukaza na kurudi kukiwa bado na mwanga. Mbio ndefu tu ndizo zibaki asubuhi, kwa sababu shindano ni la asubuhi na tumbo linapaswa kuzoea. Moshi jua linachomoza nusu saa kabla ya letu, hivyo siku ile utakuwa umeamka mapema kuliko mwili wako unavyojua. Wiki mbili za mwisho lala nusu saa mapema.

Baada ya mazoezi, wengi hushuka ziwani kupoza miguu. Kwenye fukwe zilizo karibu na makazi kichocho kipo. Ndoo ya maji ya bomba inafanya kazi ile ile.

Ramadhani ikiangukia kileleni

Kwa miaka hii mfungo uko pale pale penye shindano. Mwaka 2027 unatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo, na kila mwaka unarudi nyuma siku kama 11. Mji wenye Ujiji ndani yake hauwezi kuandika programu na kuliruka hilo. Bahati ni kwamba wiki za mwisho ni za kushusha mzigo, kwa hiyo anayefunga hapotezi sana kama alifanya kazi mapema: sogeza kilele, ile wiki ya kilomita 44, ikae kabla ya mwezi kuandama. Ndani ya mfungo, mbio nyepesi za dakika 30 hadi 40 zimalizike dakika chache kabla ya magharibi, ili maji na tende viwe vinangoja. Siku ngumu, moja tu kwa wiki, ifanyike zikishapita saa mbili tangu futari, mahali penye taa, na iwe nusu ya ilivyoandikwa. Mbio ndefu isizidi saa moja. Daku iwe na kitu kinachoshiba taratibu: uji wa ulezi, viazi vitamu, mayai. Kizunguzungu kikija simama, hakuna kipande kinachostahili kuanguka.

Vinavyoharibika

Malaria inastahili nafasi yake, maana mvua za programu hii ndizo mvua za mbu. Homa na mbio havikai pamoja kabisa. Moyo unaokimbizwa ukiwa na homa unaweza kudhurika. Uchovu usioeleweka kwa siku mbili, maumivu ya viungo yasiyolingana na kazi uliyofanya, nenda kapime kabla ya kumlaumu kocha. Ukikutwa nayo, maliza dozi ya dawa mseto, siku tatu zote, kisha hesabu angalau wiki moja bila mbio. Vimelea vinavunja chembe nyekundu za damu, na hizo ndizo zinazobeba hewa safi hadi kwenye misuli. Ndiyo maana watu wanarudi barabarani wanajisikia wazima lakini mwendo wa kukaza haushikiki hata kwa dakika tano. Anza na dakika 20 nyepesi. Pumzi isiporudi baada ya wiki tatu, omba kipimo cha wingi wa damu.

Kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Yakizidi kawaida yako kwa saba hadi kumi, siku ngumu igeuke nyepesi. Ni kipimo cha bure na hukamata homa kabla haijajitangaza.

Maumivu ya ugoko, yale ya upande wa ndani wa mfupa, huja wiki ya 3 hadi ya 6 na mara nyingi yana sababu mbili: mzigo uliopanda haraka na raba iliyokufa. Ukibonyeza ukakuta yametanda sehemu ndefu, punguza kilomita nusu kwa siku kumi. Ukikuta ni nukta moja inayouma kama jino, hata ukirukaruka kwa mguu mmoja, acha kabisa na uende hospitali, huenda mfupa umeanza ufa. Kano la kisigino linalokaza asubuhi na kulegea ukitembea linahitaji kunyanyua visigino kwenye ngazi, mara 15, seti tatu, kushuka taratibu kwa hesabu ya tatu, kila siku ya pili. Zoezi hilo ningelitaka kwa kila mtu tangu wiki ya kwanza, pamoja na kuchuchumaa kwa mguu mmoja ukishika ukuta na planki ya sekunde 40.

Raba. Wengi tunanunua mitumba, na si vibaya ukijua kuchagua. Soli ya nje inaweza kuwa safi huku sponji ya katikati imeshakufa. Ibonyeze kwa gumba ubavuni: ikiwa na mikunjo iliyolala na hairudi, iache. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, ikiinama upande mmoja ni ya miguu ya mtu mwingine. Vaa na soksi, jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa gumba mbele. Raba mpya hudumu kilomita 500 hadi 800, kwa hiyo ya mtumba hesabu nusu. Msimu wa mvua unataka jozi mbili za kupokezana. Zikiloa jaza magazeti ndani na uyabadilishe. Usizianike karibu na jiko, gundi inaachia.

Kuhusu siku ulizokosa: mbili au tatu, endelea pale jedwali lilipo, usilipe deni. Wiki nzima, rudia wiki iliyotangulia. Wiki mbili, rudi nyuma wiki mbili na punguza theluthi. Zaidi ya tatu, badilisha lengo la muda na uende Moshi kumaliza.

Chakula, safari na siku yenyewe

Ugali wa muhogo na migebuka vinajenga mkimbiaji bila msaada wa kopo lolote. Shida ni usiku wa kuamkia mbio ndefu: maharage mengi na vyakula vilivyozama kwenye mawese vinakaa tumboni hadi asubuhi. Wali au ugali, samaki wa kuchemsha, mboga kidogo. Mbio zinazopita dakika 75 zinataka sukari njiani, gramu 30 hadi 60 kwa saa, na asali ya Tabora inaitoa kwa bei nafuu kuliko pakiti za dukani. Kijiko kimoja cha chakula kina kama gramu 17 za sukari. Vijiko vinne kwenye chupa ya nusu lita ya maji, chumvi ya ncha ya kijiko cha chai, tikisa, na unywe funda mbili kila baada ya dakika 15. Ijaribu kwenye mbio ndefu angalau nne. Kuna matumbo yanayoikataa, na hayo yajulikane Desemba.

Wiki mbili za mwisho kilomita zinashuka lakini kasi haishuki. Wiki ya 15, Jumanne vipande vitatu badala ya vitano. Wiki ya shindano, Jumanne dakika 10 za mwendo wa 5:14 ndani ya mbio nyepesi, basi. Miguu itajisikia mizito na utatamani kwenda kilomita 15 kujihakikishia. Usiende. Hakuna zoezi la siku kumi za mwisho linalofika mwilini kabla ya shindano, isipokuwa uchovu wake.

Safari ya Kigoma hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa basi inapita siku moja. Fika Ijumaa mchana kwa shindano la Jumapili, Alhamisi ikiwezekana. Ndani ya basi zungusha vifundo kila nusu saa, kila kituo tembea dakika tano, beba chakula chako. Raba na namba ya shindano, kama umeshaipata, vikae kwenye begi la mkononi, visipelekwe buti.

Asubuhi ile kula saa mbili na nusu hadi tatu kabla ya kuanza: ndizi, mkate na asali, chai. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kujikinga na maumivu; ukiwa umepungukiwa maji zinaumiza figo. Kwenye mpando wa Mweka sahau 5:14. Pumua kama unavyopumua kwenye mwendo wa kukaza, na kama saa inasoma 5:40 au 5:50 ndivyo inavyotakiwa. Atakayeshikilia 5:14 pale atautoa muda huo na riba yake wakati wa kurudi. Ukigeuza kushuka, kilomita mbili za kwanza jizuie, acha mapaja yazoee, kisha ndiyo uanze kuwakamata waliokupita. Muda wa jumla wa saa 1 na dakika 53 au 55 kwa mtu wetu wa dakika 24 ni kazi nzuri kwenye njia hiyo.

Mapaja yatauma zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza, na kushuka ngazi kutakuwa kwa kinyumenyume. Siku nne hadi saba bila mbio, kutembea tu, kisha dakika 20 nyepesi. Kwa hiyo kama kazi inaruhusu, usikate tiketi ya kurudi Kigoma ya Jumatatu alfajiri. Chukua ya Jumanne, tena siti ya pembeni mwa njia, ili uweze kunyoosha mguu.